Msumeno wa meza kwa seremala wa jioni: tazama ukingo kwanza, mota baadaye

Mchana nafundisha fizikia, jioni na Jumamosi nachana mbao. Karakana yangu ni banda la mabati lililoegemea ukuta wa uani, hapa Kihonda, Morogoro, na ukitaka kugeuza ubao wa futi kumi na mbili lazima ncha moja itoke nje. Humo nimetengeneza vitanda vya wanangu, makabati ya jiko, meza ya chakula ya mninga, na viti ambavyo mama watoto anasema mgeni akishakaa asitarajie kukisogeza peke yake. Kwa muda mrefu kazi zote hizo nilizifanya kwa msumeno wa mkono, randa na sakula ya kushika, ule msumeno wa umeme wa bledi ya duara. Sasa nina msumeno wa meza, na kila anayeingia bandani ananiuliza swali lilelile: una HP ngapi huo?

Swali nalielewa. Mtaani mashine hupimwa kwa mota, na mwenye mota ya HP 5 ana heshima yake. Ila kwa mtu anayefanyia kazi uani kwake, anayetaka droo iingie kwenye kabati bila kugombana nalo, mota inakuja baadaye. La kwanza ni ukingo, ule mwamba wa alumini au chuma unaoegemeza ubao wakati unausukuma kwenye bledi, lile duara la chuma lenye meno. Ukiuondolea msumeno wa meza mbwembwe zote, unabaki na bledi iliyosimama wima na ukingo ulio sambamba nayo. Hivyo viwili vikikaa sawa, mota ndogo itakufikisha, japo polepole.

Nianze na mashine ya mtaani, maana ndiyo iliyoniamulia ukubwa wa kununua.

Karibu kila mji wetu una eneo la mbao lenye mashine kubwa: mota ya fezi tatu, meza ya chuma kizito, upande mmoja randa na upande mwingine msumeno. Unapeleka mbao zako, unalipa kwa ubao au kwa futi, unarudi nazo zimelainika. Sioni haja ya kushindana nayo. Paini inayoshushwa hapa kutoka Mafinga, nyingi imepasuliwa kwa dingdong, zile mashine zinazohamahama msituni, na unene wake haulingani. Ubao unaouziwa kama wa inchi mbili unaweza kuwa na inchi mbili mwanzo na moja na nusu mwisho. Kuusawazisha ubao wa namna hiyo kunataka randa pana na umeme wa kutosha, na kuiweka mashine hiyo nyumbani ni kutafuta ugomvi na majirani, na mita ya LUKU, na mke, kwa wakati mmoja.

Usichopewa mtaani ni mkato wa mwisho ulio sahihi. Niliwahi kupeleka vipande vya fremu za milango ya kabati, nikataka vyote viwe na upana wa milimita 60. Vikarudi vya 58, vya 61, na vingine vinaanza na 60 na kuishia na 62. Nilipomwonyesha fundi, alivitazama kwa upole akasema, "Mwalimu, hizo milimita mbili si utapiga msasa?" Sikuwa na neno la kumjibu. Yeye anachana mbao za kenchi kutwa nzima, na kenchi haina habari na milimita mbili. Mlango wa kabati unazo habari.

Basi mgawanyo wangu wa kazi ukawa huo: kuranda na kupunguza unene, mashine ya mtaani, kuchana kwa upana kamili na kukata kwa urefu kamili, nyumbani. Uamuzi huo peke yake uliniondolea nusu ya mashine nilizokuwa nazimezea mate.

Halafu kuna tabia ya mbao zenyewe. Paini huuzwa mbichi, wakati mwingine bado inatoa majimaji ukiikandamiza kwa kucha. Ubao wa mti uliokua haraka na haujakauka una mkazo ndani yake. Ukiuchana katikati, nusu mbili ama zinaachana ama zinakumbatiana. Zikikumbatiana, zinaibana bledi kwa nyuma, pale meno yanapopanda kutoka chini ya meza. Meno hayo yanaunyanyua ubao na kuurusha kuelekea uliposimama. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu nimewapa hesabu hii: bledi yenye kipenyo cha milimita 254 ikizunguka mara 3,650 kwa dakika, ncha ya jino inakwenda kwa kasi gani? Jibu ni mita 48 na ushei kwa sekunde, kama kilomita 175 kwa saa. Treni yetu ya SGR inaishia 160.

Kinachozuia ubao usirushwe ni kisu cha nyuma, bamba jembamba la chuma linalosimama nyuma ya bledi, linapanda na kushuka pamoja nayo, na kuuzuia mwanya wa mkato usifumbe. Watu wengi wakipewa mashine mpya hukitoa siku ya kwanza kwa kuwa "kinasumbua". Mashine nyingi za mtumba huja bila hicho, kilishapotea huko zilikotoka. Kwangu hapo hapakuwa na mjadala: mashine isiyo na kisu cha nyuma, hata ingekuwa ya bure, isingepita getini kwangu. Angalia pia unene wake. Kiwe kinene kidogo kuliko bamba la bledi na chembamba kidogo kuliko mkato wa meno. Ukifunga bledi nyembamba sana kwenye mashine yenye kisu kinene, ubao utafika kwenye kisu na kukwama hapohapo, nawe utaanza kuusukuma kwa nguvu, mikono ikiwa karibu na meno.

Kununua nilikwenda Dar, Kariakoo, mtaa wa Gerezani, maana huku kwetu uchaguzi ni mdogo. Mfukoni nilikuwa na rula ya chuma ya sentimita 30, guniya ndogo ya kupimia pembe mraba na kalamu ya wino mzito.

Kijana wa duka la kwanza alinipokea vizuri sana. "Karibu mzee wangu. Hii hapa mota yake shaba tupu, hata jiwe inakata." Nikamwomba achomoe waya kwenye umeme. Nikaipandisha bledi mpaka mwisho, nikaweka alama ya kalamu kwenye jino moja, nikalizungusha likae mbele, nikafunga ukingo na kupima umbali kutoka ncha ya jino hadi ukingo. Kisha nikalizungusha jino lilelile mpaka nyuma, nikapima tena. Jino liwe lilelile, kwa kuwa meno hupishana, moja limeelekea kushoto na la pili kulia, na bledi yenyewe inaweza kuwa na yumbo kidogo. Ukipima meno mawili tofauti unapima kitu kingine kabisa. Kijana alisimama ameshika kiuno. "Mzee, unapima mashine au unapima kiwanja?"

Tofauti ilikuwa karibu milimita moja na nusu, na kulikobana ni nyuma, mahali pabaya kabisa, kwa sababu ubao utasukumwa ubavuni mwa meno yale yanayopanda. Nikafungua ukingo, nikausogeza, nikaufunga tena, nikapima. Safari hii tofauti ilikuwa nyingine. Hapo ndipo nilipokata tamaa na ile mashine. Ukingo unaopinda kila mara kwa kiasi kilekile unanyooshwa kwa spana, dakika kumi umemaliza. Ukingo unaobadili msimamo kila ukiufunga hauna dawa. Nikausukuma mkia wake kwa kidole gumba, ukasogea. Ulikuwa unakamata mbele tu, nyuma unaelea.

Kijana hakukasirika. Alileta nyingine, kisha nyingine, na kufikia ile ya tatu alikuwa amenipokonya rula anapima mwenyewe.

Kwangu tofauti inayokubalika haizidi robo ya milimita, na kama ipo basi nyuma ndiko kuwe kupana. Ukishamaliza ukingo, pima kwa njia ileile mfereji wa mezani, ule ambamo hupita kile kipande cha kukatia pembe. Mfereji na bledi visipokuwa sambamba, kila ubao utakaokata kwa mapana, yaani kukatisha nyuzi zake, utakuwa na kingo zilizoungua. Weka rula ya chuma kwa wima juu ya meza, kwa mapana na kwa mshazari, utazame kama mwanga unapita chini yake. Bledi na meza, pima kwa guniya. Hayo yote yanafanyika mashine ikiwa imezimwa, na muuzaji anayekukatalia kuyafanya amekwisha kukujibu.

Kuna jaribio jingine ambalo nadhani sisi tunalihitaji kuliko watu wa nchi zisizojua mgao. Washa mashine, iache izunguke, halafu chomoa waya kwenye soketi. Ikishasimama, rudisha waya bila kugusa swichi. Ikiwaka yenyewe, achana nayo, au uhesabu gharama ya kuibadili swichi. Fikiria umeme umekatika ukiwa katikati ya ubao, umeinama unatoa kipande kilichokwama, mtoto anakuita, unasahau kuzima, na TANESCO wanarudisha. Mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya huja na swichi inayojifungua umeme ukikatika na kusubiri ibonyezwe upya. Zile za kuchomelewa mtaani huwa na swichi ya kawaida, ile ya ukutani, imefungwa kwa mkanda wa nailoni mguuni pa meza.

Ukubwa. Misumeno ya meza ya kubebeka inayopatikana kwetu ipo ya bledi za milimita 210 na za 250 au 254. Ya 254 inakata kina kama cha milimita 80 ikiwa wima. Ya 210 inakata karibu 65. Ukiwa unatengeneza fremu za milango ya nyumba kwa mbao za inchi tatu, usihangaike na ndogo, chukua 254. Mimi ubao wangu mnene kuliko yote ni mninga wa inchi mbili, yaani milimita 50, ambao ukisharandwa unabaki na 45 hivi. Ndogo inanitosha na chenji inabaki.

Kipimo cha pili ni umbali ukingo unaoweza kusogea kutoka kwenye bledi. Plaiwudi ya futi nne kwa nane ina upana wa milimita 1,220, na nusu yake ni 610. Ukingo unaofika 610 unakuwezesha kugawa karatasi nzima katikati, unaoishia 400 hauwezi. Hata hivyo, karatasi nzima ya plaiwudi ya milimita 18 juu ya kimeza cha kubebeka, ukiwa peke yako, ni hatari ya bure. Ile mimi huilaza chini juu ya mbao nne, nafunga ubao ulionyooka kwa klampu, napitisha sakula ya mkono, halafu vipande vidogo ndivyo vinavyopanda mezani. Mtu anayetengeneza makabati ya plaiwudi tupu na ana fedha za mashine moja, ningemshauri anunue sakula nzuri ya mkono na bledi ya meno mengi, msumeno wa meza usubiri. Kinachouhitaji msumeno wa meza ni vipande vyembamba vinavyojirudia: fremu, fito, pande za droo, mbao ishirini za upana mmoja.

Mama watoto aliuliza swali ambalo katika video zote nilizotazama sikuwa nimelisikia: "Na hiyo mashine italala wapi?" Banda langu lina kufuli, lakini mabati ni mabati, na mtaani kwetu vitu vya chuma vina miguu. Swali lake ndilo lililomaliza ubishi. Nikachukua DeWalt DWE7485 ya volti 230: bledi 210, wati 1,850, uzito wa kilo 22 hivi. Jioni naibeba mwenyewe na kuiingiza stoo. Ukingo wake unaendeshwa kwa kitasa kimoja cha mbele. Ukikizungusha, reli ya mbele na ya nyuma zinatembea pamoja, kwa hiyo mkia haupati nafasi ya kuchelewa. Unafika zaidi kidogo ya milimita 610. Niliupima kwa kalamu yangu ileile pale dukani, na tofauti ya mbele na nyuma rula haikuweza kuisoma.

Haikuwa rahisi. Kwa bei yake unapata mashine mbili za Kichina za bledi ya 254, pengine na sakula ya nyongeza. Ziko Ingco na Total, zimejaa madukani, vipuri vyake vinapatikana, na kati yake kuna zinazopita jaribio la kalamu. Ukiipata moja ya namna hiyo, ichukue bila kuona haya. Ila pima hiyohiyo utakayoondoka nayo, ifunguliwe kwenye boksi mbele yako. Ile ya maonyesho haiendi nyumbani na wewe.

Mtumba wa Marekani nao unatamanisha, hasa zile kubwa zenye meza ya chuma cha kumimina. Soma kibati cha mota kabla ya kuanza kuota. Volti 120 maana yake transfoma, na transfoma ya kubeba wati 1,800 si ile ya redio. Mota ya induksheni, ile isiyo na brashi za kaboni, ya hezi 60 ikipewa hezi 50 zetu inazunguka sehemu tano kati ya sita za kasi yake, yaani iliyoandikwa 3,450 inakuwa 2,850 na kitu. Tundu la bledi zao ni inchi tano kwa nane, karibu milimita 16, wakati bledi za kipimo cha Ulaya zina 30. Usikubali kubadilisha tundu kwa kulichimba kwa keekee. Pete za kupunguzia zipo, lakini zikae bila kucheza hata kidogo.

Na umeme wa nyumbani? Soketi zetu za pini tatu ni za ampea 13, kama wati 3,000. Mota ya wati 1,850 inavuta ampea 8 ikiwa na mzigo, kwa hiyo inaingia bila shida, alimradi usiunganishe kwa waya mwembamba wa taa. Mimi natumia waya wa milimita za mraba 2.5, na nauachia wote nje ya kibiringita, kwa sababu ukiwa umezungushwa unapata moto. Mota ya induksheni ya HP 3 ya fezi moja ni habari nyingine: ikiwaka inavuta kwa ghafla mara tano au sita ya kawaida yake, na taa za nyumba nzima zinakonyeza. Volti zikishuka jioni, majirani wakiwa wanapiga pasi na kupika, mota ya namna hiyo inaunguruma na kuchemka. Mota ya brashi za kaboni kama yangu inapungua kasi tu. Ubaya wake ni kelele. Kwa hiyo nyumbani kuna sheria: baada ya magharibi hakuna kuchana, na Jumapili asubuhi pia, kwani upande wa pili wa ukuta kuna mtoto mchanga. Kwenye LUKU ni kidogo kuliko unavyodhani, maana saa nzima ya kukata mfululizo haifiki uniti mbili, na hakuna anayekata saa nzima mfululizo. Muda mwingi unapima.

Sizidharau mashine za kuchomelewa. Fundi wa kuchomelea anatengeneza fremu, fundi wa kukereza anachonga shafti, unanunua beringi mbili za kufunga kwa bolti, mota na mkanda. Mota ya mizunguko 2,850 yenye puli ya milimita 100, ukiipa shafti puli ya 75, bledi itazunguka mara 3,800. Linganisha na namba ya juu iliyochapwa kwenye bledi, usiizidi. Nimeona za namna hiyo zinafanya kazi miaka na miaka. Udhaifu uko palepale: ukingo ni kipande cha angle iliyobanwa kwa klampu mbili, unapimwa kwa futi ya mkanda mbele na nyuma kila ukisogezwa, na kisu cha nyuma hakuna. Ukiwa na fundi msikivu, mwambie achomelee kisu kwanza kabla hajapaka rangi.

Kuna kitu kimoja mtaani ambacho nitakisema kwa sauti: kufunga bledi ya mbao kwenye grenda. Grenda ndogo ya milimita 115 inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, haina mahali pa kuegemea ubao, na bledi ikinasa inakuja usoni. Vijana wanaifanya kila siku kwa sababu ni rahisi. Ukiwa na mwanafunzi wa useremala, mkataze.

Marekani wana mashine za SawStop, zilizobuniwa na Stephen Gass, mwanasheria wa hataza ambaye alisomea fizikia hadi shahada ya uzamivu. Mkondo mdogo wa umeme unapitishwa kwenye bledi. Kidole kikiigusa, mwili unaubadilisha, na kipande cha alumini kinafyatuliwa kwenye meno. Bledi inasimama ndani ya milisekunde 5. Gass aliwahi kuijaribu kwa kidole chake mwenyewe. Ni fizikia tamu, na darasani huwa naieleza kwa furaha. Lakini mbao mbichi sana nayo hupitisha umeme na inaweza kuifyatua breki, na kila ikifyatuka unabadilisha breki nzima na aghalabu bledi. Kwa paini inayotoa majimaji ya Mafinga, ungefilisika kabla kidole hakijapata ajali. Tubaki na kisu cha nyuma, kifuniko cha bledi, na kijiti cha kusukumia kwa kila kipande chembamba kuliko kiganja. Glavu hapana, zinavutwa.

Vumbi nimelipuuza kwa miaka kama watu wote, mpaka mkongo uliponipigisha chafya siku tatu. Mvule nao unawasha pua na ngozi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Nyuma ya msumeno kuna tundu la bomba. Nimeliunganisha na mashine ya kufyonza vumbi, na linalobaki barakoa inalizuia, mlango wa banda ukiwa wazi.

Limebaki suala la bledi, na hapo usibanie pesa. Inayokuja na mashine huwa ni ya kuanzia tu. Kwa kuchana, meno 24; kwa plaiwudi na kukata kwa mapana, 48 hadi 60. Mota ndogo ikipewa bledi ya meno 60 ichane mninga wa inchi mbili, inaunguza ubao na watu wanasema mashine haina nguvu. Ina nguvu, ina meno mengi mno. Kwa mbao zetu chukua meno ya kabaidi, ambayo ni magumu kuliko chuma cha kawaida, kwa kuwa mtiki una mchanga ndani ya nyuzi zake na mvule una mawe ya chokaa ambayo huyaoni mpaka uyasikie. Paini inaacha ulimbo kwenye meno. Ichomoe bledi, ilaze kwenye maji ya moto yenye sabuni, isugue kwa mswaki wa zamani, uikaushe. Bledi za 210 si nyingi madukani kama za 254, ndiyo maana nilinunua mbili za akiba siku ileile. Na ukitaka kunoa, muulize kwanza fundi ananolea nini. Kabaidi inataka jiwe la almasi. Wengi wa wanaonoa misumeno mtaani wana tupa na jiwe la grenda, vinavyofaa kwa chuma cha kawaida, na bledi yako ya kabaidi itarudi na meno yaliyometameta ubavuni na butu nchani.